Sanaa au Sayansi: Mgawanyo Uliofika Nachingwea na Ruangwa

Mwanafunzi wa Nachingwea au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, anayechagua kati ya shahada ya sanaa na ya sayansi katika somo moja, kama vile jiografia, anarithi mgawanyo uliozaliwa mbali na kwao. Oxford na Cambridge hadi leo humtunuku hata mwanafizikia shahada ya sanaa, kwa maana ya kale ya elimu yote ya msingi ya chuo, ilhali Chuo Kikuu cha London kilianza kutoa shahada ya sayansi mwaka 1860. Na kwa kuwa chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kililelewa na London, mgawanyo huo uliingia nchini pamoja na mitaala.

Nachingwea yenyewe inaonyesha ufinyu wa mgawanyo huo. Mradi wa karanga wa Waingereza uliofika hapo, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ulihitaji upimaji wa udongo na mvua, na ulihitaji vilevile kuwaelewa wakulima, kazi zao na soko, lakini wakuu wake waliharakisha matrekta kabla ya utafiti wa kutosha, hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya mradi huo ikaja kung'olewa. Anayechagua leo na asome kwanza orodha ya masomo ya kila mwaka, ndipo atazame jina la shahada.