Chumba cha Futi 80

Vipindi vya kwanza vya Star Trek, hadithi ya televisheni ya safari za anga za juu, vilikoma kurushwa Marekani mwaka 1969, lakini waliovipenda hawakutulia. Walitaka kujua kile ambacho kamera haikuwaonyesha: mabaharia wale wa anga walilala wapi, walikula nini, mlango huu ulifunguka kuelekea wapi. Mwaka 1975 Franz Joseph, mtu aliyewahi kuchora ndege kiwandani, akawajibu. Alitoa michoro ya chombo chao kizima, Enterprise, ghorofa kwa ghorofa, hadi ukumbi wa mchezo wa bowling ambao kwenye televisheni ulitajwa kwa mdomo tu. Hadithi hiyo imefufuliwa mara kadhaa tangu hapo, na kila ikirudi maswali ya namna hii hurudi nayo. Kiswahili nacho kimo humo tangu siku za mwanzo, kwani jina la Uhura, yule ofisa wa mawasiliano, limetokana na neno uhuru. Katika mfululizo ulioanza mwaka 2022, Uhura ni binti wa Kenya.

Kusini mwa Maniema, jimbo la mashariki mwa Kongo, upo mji unaostahili kuulizwa maswali hayohayo. Huo haukubuniwa na mtu. Watu waliishi humo, wakapika, wakaoga, wakagombana na majirani, kisha ukaachwa.

Ni Kasongo ya zamani. Mji wa leo haukai pale ulipokuwa ule wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja; mahali pa kale panaitwa Kasongo-Tongoni. Tongo, kwa Kiswahili, ni mahali palipohamwa, makazi yaliyobaki bila wenyewe. Yapo matongo mengine, kama lile la pwani karibu na Tanga lenye makaburi na msikiti wa mawe. La Maniema limebakiza machache zaidi ya kuonekana kwa macho, kwa hiyo anayetaka kulichora hana budi kukusanya vipande.

Kipande kikubwa kuliko vyote kimetoka kwa mtu aliyeingia mjini pamoja na waliouteka. Sidney Hinde, Mwingereza, alikuwa daktari katika jeshi la Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya mfalme wa Ubelgiji. Jeshi hilo, likiongozwa na Francis Dhanis, lilipigana na wafanyabiashara wa pwani waliotawala Maniema. Mji wa Nyangwe ulianguka Machi 1893. Kasongo ikafuata tarehe 22 Aprili. Mashambulizi yalikuwa ya ghafla mno hata wenyeji hawakupata nafasi ya kubeba kitu, na kila chombo kilikutwa mahali pake. Miaka minne baadaye Hinde alichapisha kitabu, na humo kuna kurasa chache zinazofungua milango ya nyumba za Kasongo.

Chumba alichojichagulia kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, yaani kama mita 24 kwa mita 4 na nusu. Aliyewahi kuingia nyumba za zamani za Unguja au Lamu atalitambua umbo hilo mara moja: chumba kirefu chembamba. Upana wa chumba cha pwani ulipimwa na boriti za mikoko zilizobeba dari. Kasongo iko mbali mno na mikoko, lakini huenda aliyejenga pale alikuwa na picha ya pwani kichwani. Mlango wa chumba ulitokea kwenye bustani ya michungwa, na ng'ambo ya bustani macho yalikwenda maili tano bila kuzuiwa. Ndani ya nyumba mlikuwa na vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na atlasi, vyandarua, mishumaa, sukari, viberiti, bilauri na vikombe vya fedha. Maghala yalijaa mchele, kahawa na mahindi. Bustani zilikuwa na machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Nje ya mji, Hinde alisafiri saa moja na nusu juu ya mnyama ndani ya shamba moja tu la mpunga.

Ni rahisi kulewa na orodha hiyo. Lakini kila kilichomo kina mbeba mzigo wake. Bilauri ya kioo iliyofika Kasongo bila ufa ilivushwa Ziwa Tanganyika hadi upande wa magharibi, ikapita Kabambare, ikiwa kichwani au begani mwa mtu siku baada ya siku. Waliofyeka msitu, waliopanda mpunga ule na walioutwanga, wengi wao walikuwa watumwa waliotekwa katika nchi hiihii. Katika mji huohuo kulikuwa na tani za pembe za ndovu na za baruti. Mchoro wowote wa nyumba ya Kasongo usioonyesha mahali walipolala watu hao ni mchoro wa uongo.

Tippu Tip mwenyewe hasaidii sana. Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili baada ya kurudi Unguja, yamejaa safari, vita, madeni na frasila za pembe. Nani alifagia uani, nani alichota maji, hayo kwake hayakuwa mambo ya kuandikwa.

Tena Maniema haikungoja watu wa pwani ndipo ijue kujenga. Msafiri David Livingstone aliingia nchi hiyo mwaka 1869, akauguza vidonda vya miguu kwa miezi kadhaa huko Bambarre, mahali panapotambuliwa kuwa Kabambare ya leo. Aliandika kuhusu vijiji vya nyumba za pembe nne, kuta zikisilibwa udongo laini, nyumba zimepangwa mstari. Barabara ya kijiji mara nyingi ilielekezwa mashariki na magharibi ili jua likaushe unyevu upesi baada ya mvua. Huo ni ufundi wa watu wanaoifahamu mvua yao, na huenda mikono iliyojua kusiliba kuta hizo ndiyo iliyojenga Kasongo. Sehemu ya shajara ya Livingstone ya mwaka 1871 iliandikwa kwa wino wa mimea juu ya karatasi za magazeti, ikafifia hata haikusomeka, mpaka mwaka 2011 ilipochapishwa baada ya wanasayansi kuipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuyatoa maneno kwenye karatasi.

Wanaakiolojia nao wamefika Tongoni na kusikiliza masimulizi ya wenyeji. Makala ya Noemie Arazi na wenzake kuhusu kazi hiyo ilitoka mwaka 2020. Mpunga bado unalimwa Maniema, na Kiswahili kimeendelea kuwa lugha ya nyumba na soko la Kasongo.

Basi kijana wa Kasongo mwenye penseli na karatasi anavyo vya kuanzia. Achore kwanza chumba cha futi 80, na mlango uelekee michungwa. Nyuma yake aweke ghala la mchele, na kando ya ghala kinu, mchi na ungo. Kisha aende mbali na hariri, upande ambao Hinde hakuuandika, aanze kuchora mikeka ya wale waliotwanga.