Mji wa Gedi na Kaburi Lenye Tarehe

Leo twaenda safari. Kaeni karibu na redio, na ukurasa huu uwe mbele yenu.

Tumo katika barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, nchini Kenya. Zikibaki kama kilomita 16 kufika Malindi, twaiacha barabara kuu na kuingia msituni. Wasafiri wengi hupita hapa mbio, wakiwaza kufika mjini. Lakini ndani ya msitu huu mna mji mwingine. Jina lake ni Gedi.

Tazameni: kuta, msikiti mkubwa, jumba la mtawala, nyumba, visima na vyoo. Vyote vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Waliojenga ni Waswahili. Katika karne ya 15 mji huu ulistawi sana. Katika karne ya 17 watu waliuhama, na miti ikamea vyumbani.

Je, twajuaje habari hizi? Lipo kaburi moja lililoandikwa tarehe: mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi. Tarehe hiyo moja imewasaidia wataalamu kukadiria umri wa vitu vilivyopatikana karibu nayo. Basi, mwanafunzi, usiyadharau maandishi machache.

Mwaka 1948 mtaalamu James Kirkman alianza kuchimba hapa. Nyumba kadhaa zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake. Iko Nyumba ya Mikasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, na Nyumba ya Bakuli la Kaure. Kaure ilitoka Uchina. Iko pia nyumba iliyopewa jina la ushanga wa Venice, mji wa Italia. Kwa vitu hivyo twajua kwamba biashara ya watu wa Gedi ilifika mbali.

Sasa fikirini. Mgeni anaokota kigae kidogo, anakitia mfukoni. Akifika kwake anasema, "Nilikiokota Gedi." Katika nyumba gani? Hajui. Karibu na kitu gani? Hajui. Kigae kimekuwa bubu, hakiwezi tena kutupa habari. Tena amevunja sheria, maana Kenya inayo sheria ya mwaka 2006 ya kulinda urithi kama huu.

Afanyeje basi mwenye kutaka ukumbusho? Apige picha, wala asipande juu ya kuta. Kwanza apige picha ya jengo zima, kisha ya sehemu anayoipenda. Achague asubuhi au jioni, jua likiwa chini, maana kivuli huonyesha vizuri michoro ya mawe. Halafu aandike mahali na tarehe. Picha isiyo na maandishi, baada ya miaka mingi, nayo huwa bubu kama kile kigae.

Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji wa Gedi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini orodha haina mikono ya kumzuia mgeni. Ulinzi ni wetu sote tunaopita pale.

Maswali:
1. Kaburi la Gedi limeandikwa mwaka gani?
2. Kwa nini nyumba moja yaitwa Nyumba ya Mikasi?
3. Kigae kikiondolewa mahali pake, twapoteza nini?

Someni tena pole pole, mmoja mmoja. Kwaherini.