'Rob' na 'steal': ngeta inapofikishwa kortini

Mkazi wa Kaloleni au Jericho akikabwa shingo usiku na vijana wawili, wakatoweka na simu yake, atakwenda kituo cha polisi aseme: "Nimeibiwa." Afisa ataandika kwa Kiingereza. Je, ataandika 'steal' au 'rob'?

Kitenzi 'rob' kiliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale. Kina nasaba moja na 'robe', yaani joho, kwa kuwa nguo alizovuliwa mtu zilikuwa ngawira. Shamirisho yake ni mtu, ilhali ya 'steal' ni kitu. Sisi hutumia kauli: tunaiba kitu, tunamwibia mtu. Lakini 'ibia' haisemi kama nguvu ilitumika. Aliyechomolewa pochi ndani ya matatu bila kuhisi ameibiwa, na aliyekabwa koo pia ameibiwa! Si kwamba tumekosa maneno. Tuna nyang'anya, pora na pokonya. Ila mtu aliyetoka kukabwa hachagui msamiati.

Mitaa ya Eastlands, kama vile Pumwani ya miaka ya 1920 na Kaloleni ya miaka ya 1940, ilikuwa makao ya wafanyakazi Waafrika waliotoka jamii mbalimbali. Kiswahili kiliwaunganisha, na humo Sheng ikachipuka. Sheria nayo, ikiwemo Kanuni ya Adhabu ya 1930, iliandikwa kwa Kiingereza. Kati ya lugha hizo mbili akawekwa karani wa korti.

Hebu tazama uzito wa kazi yake. Kifungu cha 275 kinatoa kifungo cha hadi miaka 3 kwa wizi wa kawaida. Kifungu cha 296(2) kinataja adhabu ya kifo iwapo mnyang'anyi ana silaha hatari, au yuko na mwenzake, au amempiga mwathiriwa. Sasa neno la mtaani 'kupiga ngeta', ambalo walimu wengi hulikemea, lina mkabo wa shingo ndani yake, na aghalabu wapigaji ni zaidi ya mmoja. 'Kuiba' halina hata kimoja cha hivyo.

Mshtakiwa naye yumo hatarini. Karani wa Makadara akimsomea kwamba "alimwibia" fulani, akajibu "ni kweli", amekiri nini? Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza mshtakiwa aelezwe shtaka pamoja na viambajengo vyake vyote, kwa lugha anayoielewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa pia mkalimani bila malipo.

Magazeti yetu, hili likiwemo, huandika 'wizi wa kimabavu'. Tanzania husema 'unyang'anyi wa kutumia silaha' pale silaha inapohusika. Mimi naegemea 'unyang'anyi', kwa sababu nguvu imo katika neno lenyewe, haikubandikwa baadaye. Na shahidi akisema 'ngeta', karani aliache neno hilo lilivyo katika rekodi, kisha aeleze kando yake: alikabwa koo kutoka nyuma.