Mwanamke Anayekaa Pembeni

Nina mimba ya miezi saba, na kwa wiki mbili sasa mimi na mume wangu tunabishana juu ya kitenge kimoja, miche mitatu ya sabuni na shilingi 15,000. Hiyo ndiyo bei aliyotutajia mama mmoja wa bloku yetu. Anisindikize siku ya uchungu, kisha aje nyumbani kila asubuhi kwa wiki tatu baada ya mtoto kuzaliwa. Mume wangu akamuuliza kwa heshima: "Mama, hospitali ni bure na manesi wapo. Wewe tukulipe ufanye nini?" Yule mama akacheka. "Mwanangu, mimi sizalishake tena. Ninakaaka tu pembeni."

Kukaa tu! Mume wangu alilishika neno hilo kama ushahidi. Mie nikaenda kuuliza wazee na kusoma nilichoweza kupata.

Nianze na kwetu. Vita ilipofika Fizi mwishoni mwa 1996, mama yangu alivuka Ziwa Tanganyika kwa boti, tumbo likiwa kubwa, akashukia upande wa Kigoma. Usiku wa pili uchungu ukamkamata chini ya turubai. Aliyemsaidia ni mwanamke wa kijiji kingine, hata jina lake hatukulijua. Alikata kitovu kwa wembe mpya, akafunga kwa uzi uliochemshwa. Lakini mama akisimulia, habari za wembe anazipita haraka. Anasimulia mgongo: yule mwanamke alikaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani mpaka alfajiri, akimwambia pumua, bado kidogo. Kisha akawa anakuja kila siku, anapika uji, anamwogesha mtoto, anafukuza wageni wanaokaa sana. Siku ya mwisho mama alimpa kitenge chake kizuri, kimoja kati ya viwili alivyovuka navyo. Kwa hiyo wanaosema zamani msaada huu ulikuwa bure, sijui wanasema zamani ipi.

Tazama vizuri: zile zilikuwa kazi mbili. Moja kupokea mtoto, nyingine kukaa na mama.

Katika miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilihimiza nchi ziwafundishe wakunga wa jadi, na Azimio la Alma-Ata la 1978 liliwapa waganga na wakunga wa jadi nafasi katika afya ya msingi. Wengi wakapewa semina na vifaa vya kuzalishia. Mwaka 1987 ukafanyika mkutano wa Nairobi juu ya uzazi salama, wakati ambapo ilikadiriwa kuwa wanawake nusu milioni hufa kila mwaka kwa sababu ya mimba na kuzaa. Baadaye wataalamu wakaona semina peke yake hazitoshi. Damu ikimwagika, kifafa cha mimba kikija, mtoto akikwama, inatakiwa dawa, damu ya kuongezewa, au upasuaji. Mwaka 2004 WHO pamoja na vyama vya kimataifa vya wakunga na madaktari wa uzazi walieleza nani ni mzalishaji mwenye ujuzi, na mkunga wa jadi hakuwemo.

Uamuzi huo siupingi. Shangazi yangu alitokwa na damu nyumbani, na mikono ya mkunga haikuweza kuizuia. Sisi tuliomzika hatuhitaji semina ya kutuambia tuzalie hospitali.

Ila mkunga wa jadi alipoambiwa aache kuzalisha, mahali pengi aliachishwa na kukaa pia. Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia kwenye kituo kimoja, sitakitaja. Mama yangu alizuiwa getini. Nililala saa kumi na moja nikitazama dari, nesi mmoja akikimbia kati yetu wanne. Simlaumu yule nesi, angejigawa vipi? Kesho yake nikarudi nyumbani. Siku ya tano homa ikapanda, nikadhani ni maziwa tu. Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyenigusa shingo akasema twende hospitali, sasa hivi.

Huko mbali kazi hii ilikuwa imeshapewa jina zamani. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, katika miaka ya 1970 alilitumia neno la Kigiriki "doula", ambalo zamani lilimaanisha mtumwa au mtumishi wa kike. Mwaka 1980 watafiti walichapisha walichokiona hospitalini Guatemala. Mama aliyekaa na mwanamke wa kawaida, asiye muuguzi, alijifungua kwa wastani wa saa 8.8 tangu kupokelewa. Aliyekuwa peke yake, saa 19.3. Utafiti ule ulikuwa mdogo. Lakini mwaka 2017 zilijumlishwa tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000, na bado ikaonekana wanaosindikizwa wanapasuliwa mara chache zaidi na uchungu wao unapungua muda. Mwaka 2018 WHO ikapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Nchi tajiri watu wanamlipa doula mamia ya dola. Nilimsomea mume wangu habari hiyo, akanyamaza kidogo.

"Si akae ndugu yako, basi?" Angekaa. Lakini mama yangu yuko Marekani, alipata uhamisho, na dada yangu kambi nyingine. Mama alinitumia sauti kwenye WhatsApp, maneno mawili: "Mpe kitenge."

Tumekubaliana na yule mama hivi. Nitazalia hospitali. Yeye hapimi njia, hanipi dawa ya mizizi. Nikirudi nyumbani na damu ikalowesha kitambaa haraka, au nikapata homa, au kichwa kikauma na macho kuona giza, haulizi mtu, ananipeleka. Sabuni tumeshatoa, pesa tutalipa mara mbili.

Jana nilikwenda kuuliza wodi ya wazazi, maternite kama tunavyosema sisi Wakongomani. Nesi mkuu alisema mtu mmoja anaruhusiwa, ila hakuna mahali pa kumkalisha. Mume wangu sasa anatengeneza kigoda.