Mzega, Livingstone na shangingi: historia ya mzigo Tabora

Mgeni akifika Tabora, wenyeji humpeleka Kwihara akaone tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Mimi pia nilipelekwa, na nawashauri mwende. Ila nina swali la kichokozi. Vitu vyote vile vya Livingstone, Stanley na wafanyabiashara wa Kiarabu vilifikaje pale? Mtasema kwa miguu. Haya, miguu ya nani?

Leo basi naomba tuisome historia ya Tabora kwa kufuata mzigo. Tutaanzia begani kwa mpagazi na kumalizia kwenye uvungu wa Land Cruiser. Nivumilieni, kuna sababu.

Karne ya 19, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikakatisha Ugogo na kufika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Hapo iligawanyika: tawi moja Ujiji, jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, jina la Tabora katika vitabu vyao, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Njia ile haikuwa ya magari ya kukokotwa, na wanyama wengi wa mizigo waliuawa na maradhi ya mbung'o. Lori la nchi hii lilikuwa bega la mtu, na wenye sifa kuu katika kazi hiyo walikuwa Wanyamwezi.

Wengi tumekua tukiamini kwamba wapagazi wote walikuwa watumwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi hiyo, anaonyesha kwamba wengi wao walikuwa watu huru waliolipwa ujira, wakipatana bei na hata kugoma. Kwa maneno mengine, walikuwa mafundi wa kazi yao.

Na ufundi ulikuwepo kweli. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Vitambaa vilifungwa kuwa mtumba mrefu wenye fito zilizochomoza, ili mpagazi akichoka auegemeze mtini bila kuutua chini. Kuinama na kuuinua upya mara kumi kwa siku si mchezo! Masango, yaani nyaya nene za shaba, yalikuwa na dawa yake. Yalikunjwa na kufungwa kwenye ncha mbili za mti, kisha mti ukawekwa begani. Huo ndio mzega. Upande mmoja ukizidi, mti unalala na mbebaji anapepesuka. Mti ule mmoja ulifunga pande mbili zisiende kila moja kwa njia yake.

Hata Livingstone mwenyewe alibebwa hivyo. Alipofariki kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili, wakauvisha gome la mti na turubai, wakaufunga kwenye mti ili watu wawili waubebe. Walipita Unyanyembe mwaka huohuo. Walipopata habari kwamba mbele yao wenyeji hawatakubali maiti ipite, waliufunga upya ufanane na mtumba wa kawaida wa vitambaa. Mwili ukafika Bagamoyo Februari 1874. Mzigo maarufu kuliko yote katika njia ile ulipita salama kwa ujuzi wa wapagazi wa kufunga mizigo.

Kisha yakaja mambo mapya. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu ikawarudisha watu mabegani, maana majeshi yalihitaji wapagazi, na Wabelgiji wakaiteka Tabora Septemba 1916. Mwaka 1948 Land Rover ikazinduliwa, gari la springi za majani, gumu kama punda. Miaka ya 1990 likaja Land Cruiser tuliloliita shangingi, lenye springi za koili, laini mwilini. Lakini ulaini una bei. Gari refu lenye koili hulala likikata kona. Ndiyo maana likawekewa stabilaiza.

Hapa ndipo nilipomtafuta fundi mmoja mjini Tabora. Nilimkuta uvunguni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Nipe hiyo spana ya 17."

Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayovuka gari kutoka kushoto kwenda kulia, na ncha zake zinaungwa kwa vifimbo vifupi vinavyoitwa linki. Matairi mawili yakipanda tuta pamoja, fimbo inazunguka tu. Moja likipanda peke yake, fimbo inajipinda na kukataa. Nikamwambia huu ni mzega. Akacheka, akasema babu yake angeuelewa haraka kuliko mimi.

Akanifundisha kufunga. Gari likae tambarare, uzito wote juu ya matairi. Ukikaza nati likiwa linaning'inia kwenye jeki, bushi za mpira hujipinda likishuka na huchanika mapema. Gari lililoinuliwa springi linahitaji linki ndefu zaidi, la sivyo fimbo inakaa kwa pembe mbaya. Kama linki ni za kurekebisha, rekebisha urefu mpaka boliti iingie kwa mkono pande zote mbili. Ukiilazimisha kwa nyundo, umeipinda fimbo kabla ya safari, na gari litaegemea upande. Bushi zibanwe ziumuke kidogo tu, zisiwe chapati. Mwisho kaza nati ya kufungia, kata usukani hadi mwisho kila upande, uone hakuna kinachogusa tairi wala mpira wa breki.

Kwenye makorongo wengine huzifungua linki ili kila tairi lifuate ardhi yake. Sawa, ila zirudishwe kabla ya mwendo kasi. Fundi analalamika kwamba linki ikikatika, wenye magari wengi huitupa na kuendelea, gari limejaa watu na magunia juu. Kona ya kwanza ya kukwepa ng'ombe ndiyo inayowakumbusha kazi yake.

Kwa nini nawasimulia yote haya? Kwa sababu historia ya njia hii tumeandikiwa na waliobebewa. Burton aliandika, Stanley aliandika. Aliyejua mti uwe na urefu gani na masango yakae wapi hakuandika, na fundi wa leo haandiki pia. Elimu yake anaipokea kwa mkono na kuitoa kwa mkono, kisha anazeeka.

Susi na Chuma tunawajua kwa majina kwa sababu mzigo wao ulikuwa Mzungu. Waliobeba masango, meno ya tembo na shanga kwa miaka yote ile hatuwajui. Wengi wetu wenye asili ya Unyamwezi ni wajukuu zao. Ukienda likizo, muulize babu au bibi: nani kwenu aliwahi kwenda pwani na mzigo? Andika jibu, hata kama ni jina moja tu.