Fishi za wagonjwa: kutoka kalamu ya Kasongo hadi kompyuta ya Mosoriot

KASONGO – Familia ikikimbia vita huko Kabambare, inabeba watoto, sufuria na godoro. Fishi ya mgonjwa inabaki kwenye rafu ya kituo cha afya. Wakifika Kasongo, muuguzi anauliza: mtoto alichanjwa? Baba mwenye kifua kikuu alifikia mwezi wa ngapi wa dawa? Mama anajibu kwa kukumbuka tu.

Kasongo si mgeni wa kuandika. Katika miaka ya 1970, waganga wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapa pamoja na wauguzi wa hapa. Mwaka 1981 gazeti la waganga The Lancet lilitoa uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Kazi ile haingewezekana bila majina ya watoto kuandikwa vizuri na kufuatwa.

Kompyuta ilianzia kwa majirani. Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta 2, zikisaidiwa na betri za nguvu ya jua. Programu ilijengwa juu ya Access ya Microsoft, hivyo ilikubali Windows tu. Kwa kituo kimoja ilitosha. Wagonjwa wa ukimwi walipozidi, ilihitajika kubwa zaidi.

OpenMRS, iliyoanza 2004, ikachagua Java na MySQL. Maneno magumu, maana nyepesi: programu ile ile inakubali Windows au Linux, na hailipishwi. Mwaka 2006 ilikuwa inatumika Eldoret na Rwinkwavu, Rwanda.

Linux haidai pesa ya leseni, na virusi vya flashi huisumbua kidogo. Lakini fundi wake ni wa kutafuta, na mashine isiyo na fundi ni sanduku tu.

Kwa Kasongo na Kabambare, umeme ndio unaoamua kwanza. Kompyuta ya mezani huzimika papo hapo umeme ukikatika. Ya kubeba ina betri yake, inakula umeme kidogo, na watu wakikimbia inabebwa. Inaibiwa pia upesi, na majina ya wagonjwa wa ukimwi yakiwa ndani. Kwa hiyo diski yake ifungwe kwa neno la siri, kopi ikae mbali, kwenye ofisi ya eneo la afya, na mama aendelee kubeba karatasi ya chanjo.