Yucatán, Ulikotoka Mkonge

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1000 ya mkonge kutoka Florida. Safari ndefu ya meli iliiua karibu yote. 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa karibu na Pangani. Habari hiyo inajulikana sana Tanga. Isiyosimuliwa ni kwamba hata Florida mkonge ulikuwa mgeni: ulipelekwa huko katika miaka ya 1830 na Henry Perrine, konseli wa Marekani mjini Campeche, kutoka rasi ya Yucatán nchini Mexico.

Jimbo la Yucatán liko kaskazini mwa rasi hiyo. Ni nchi tambarare ya mawe ya chokaa yenye udongo haba, na juu ya ardhi hauonekani mto. Mvua ikinyesha, maji huzama na kutiririka chini kwa chini. Paa la pango likiporomoka, hufunguka kisima kikubwa kiitwacho cenote. Visima vingi vya namna hiyo vimejipanga kwa tao, vikifuata ukingo wa shimo la Chicxulub lililochimbwa na kimondo yapata miaka milioni 66 iliyopita. Wamaya, wenyeji wa rasi hiyo, walitegemea maji hayo walipojenga Chichén Itzá, mji ambao piramidi yake bado imesimama.

Wahispania waliasisi Mérida tarehe 6 Januari 1542 juu ya mji wa Kimaya wa T'hó, wakajengea kanisa kuu mawe ya mahekalu. Miaka 20 baadaye mtawa Diego de Landa aliteketeza vitabu vya Wamaya huko Maní. Leo duniani vinajulikana vinne tu vya kale vya aina hiyo. Sioni hasara kubwa kuliko hiyo katika historia yote ya jimbo hili. Wamaya hawakukubali kunyamazishwa: mwaka 1847 waliinua silaha, na vita yao ikaendelea kwa zaidi ya nusu karne.

Katikati ya vita hiyo ndipo ulipokuja utajiri. Wakulima wa ngano wa Marekani walipata mashine za kuvuna zilizofunga matita zenyewe, nazo zilihitaji kamba kila msimu. Yucatán ilikuwa na henequen, ndugu wa mkonge wetu, mmea unaostawi penye mawe ambapo mahindi hunyong'onyea. Singa zake mwanzoni zilisafirishwa kupitia bandari ya Sisal, na jina la bandari likawa jina la bidhaa. Matajiri wa Mérida walijijengea majumba ya fahari kando ya barabara ya Paseo de Montejo.

Kazi ilifanywa na Wamaya waliofungwa na deni la duka la shamba, deni ambalo ujira haukutosha kulimaliza. Waliongezewa Wayaqui, watu wa asili waliotekwa na serikali huko Sonora, kaskazini mwa Mexico, na kuhamishwa kwa nguvu, na mwaka 1905 wakaja Wakorea wapatao 1000 kwa mkataba wa miaka minne. Msomaji aliyesimuliwa maisha ya manamba wa Tanganyika atayatambua mengi hapa. Lakini manamba alikuwa na mkataba wenye mwisho. Mmaya mwenye deni hakuona mwisho wowote.

Jenerali Salvador Alvarado aliingia Mérida mwaka 1915 na jeshi la Mapinduzi ya Mexico, akasimamia kufutwa kwa utumwa huo. Gavana Felipe Carrillo Puerto, aliyeanza kazi mwaka 1922, alihutubia watu kwa Kimaya na kuwagawia vijiji ardhi. Alipigwa risasi pamoja na ndugu zake watatu Januari 1924. Mashamba makubwa yenyewe yaligawanywa mwaka 1937 chini ya Rais Lázaro Cárdenas.

Ardhi iliwafikia Wamaya soko likiwa limeanza kuwaponyoka. Tanganyika ilikuwa tayari mshindani mkubwa, kisha zikaja kamba za plastiki na kuwaumiza wakulima wa pande zote mbili. Baadhi ya nyumba za mashamba hayo sasa ni hoteli za watalii. Kimaya, ambacho vitabu vyake vilichomwa Maní, kinazungumzwa na mamia ya maelfu ya watu katika rasi hiyo, kinafundishwa, kinatangaziwa redioni, na washairi wanakiandikia.